Mama Aliyaosha Mawe Yako

Kaka Ambakisye,

Najua ungeuliza kwanza habari za samaki, ndipo uulize za mama. Safari hii habari zao ni moja, kwa hiyo tulia unisikilize.

Lile tangi lako la kioo lilipasuka wakati wa msiba wako. Watu walijaa hapa Bulyaga kuanzia mapokezi ya gesti yetu hadi mgombani, wakaja wa Nkunga, wakaja wa Lupepo, na katika kusogeza makochi mtu akaligonga. Maji ya chumvi yakatapakaa sakafuni. Mawe yako ya baharini yakakauka huku sisi tukilia. Tulimwokoa samaki mmoja tu, yule mwenye mistari uliyemwita Meneja, tukamtia kwenye beseni la bluu. Mama akalihamishia chumbani kwake. Kila asubuhi alimwamkia, na alipomwamkia nilisikia anakuamkia wewe.

Fundi wa Mbeya akatengeneza tangi jipya. Nikachanganya chumvi yako kama ulivyonifundisha, nikawasha pampu, maji yakang'aa. Kila mgeni akauliza mbona simrudishi samaki. Nikawajibu kwa maneno yako: maji mapya hayajui kula uchafu, yanasubiri mawe yaje yayafundishe. Wakanitazama kama walivyokutazama wewe, ile hoteli ya shirika huko Tanga ilipouzwa na mkapunguzwa kazi. Wenzio walirudi makwao na mabati. Wewe ulishuka stendi na bahari kwenye madumu.

Rafiki yako Bakari wa huko Tanga akatupakilia mawe mengine kwenye basi, yamefungwa kwa magazeti yaliyolowa maji ya bahari. Yalipofika nilikuwa nimekwenda sokoni kununua mafuta ya taa, maana umeme ulikuwa wa mgao. Niliporudi nikakuta viroba vimefunguliwa uani. Mama ameinama na brashi, maji ya moto na sabuni ya unga. Mawe yamepangwa juani, meupe pe.

"Yalikuwa yananuka fijo, yananuka mno, mwanangu," aliniambia. "Mawe ya Ambakisye hayaingii ndani na tope."

Unamjua mama. Huyu ndiye anayefagia uani mpaka kwa jirani. Kwetu mtu hapokei kitu cha safari bila kukisafisha, tena kitu cha marehemu. Angejuaje kwamba ule utelezi na ile harufu ndio uhai tuliousubiri, vijidudu vya kula uchafu wa maji? Nilitaka kupiga kelele. Nilishindwa, Kaka. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri kwa kazi ile.

Kwenye kiroba kimoja yalibaki mawe machache ambayo hajayafikia. Nikayanusa moja moja. Jiwe zima linanuka ufukwe, ulisema, na lililokufa linanuka yai viza. Mengine nikayatupa. Yaliyofaa nikayashusha ndani ya tangi.

Maji yakachafuka. Yakawa kama ya kuoshea mchele, yakanuka hadi wageni wakaomba vyumba vya nyuma. Nikachota maji kidogo, nikadondoshea matone yako ya kupimia, yakageuka kijani. Kesho yake kijani zaidi, na kijani ni sumu. Kwenye beseni nako Meneja alikuwa ameanza kulala ubavu, na chumvi ya kumbadilishia maji imebaki konzi. Nilikuwa katikati ya maji mawili, yote yanaua. Nilishika ndoo nimwage tangi zima nianze upya. Ulichowahi kuniambia ndicho kilichonizuia: "Yakinuka usiyamwage. Yanajifunza."

Mama hakuambiwa na mtu. Alisogea mwenyewe kwenye kioo akatazama. Juu ya jiwe moja kidudu kama unyoya kilikuwa kimechomoza, kinajifungua na kujifunga. Akageuka akatazama mawe yake meupe kule uani, akakaa sakafuni.

"Kumbe yalikuwa na watu wake," alisema. "Mbona hukunikemea?"

Nilimwambia hata mimi ningeyaosha, kama usingenifundisha wewe. Hakunisikia. Tangu hapo, kila umeme ulipokatika, alikaa kando ya beseni na kikombe, anachota maji na kuyamimina kutoka juu ili samaki apate hewa. Aliweka chupa za maji ya moto humo kwa ajili ya baridi yetu hii ya mvua. Hakula. Hakufagia. Mama hakufagia, Kaka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliona wazi kwamba Meneja akifa, mama naye atamfuata.

Leo asubuhi matone yametoka njano, rangi ya maji salama. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Njano.

Sikutaka kumrudisha samaki mwenyewe. Nilimtia kwenye jagi nikampa mama. Kuna jambo hukuliona: siku tulipokuzika mama alikataa kutupa udongo. Walimwekea mkononi, akaufumba, akarudi nao nyumbani. Leo alilishika lile jagi juu ya tangi muda mrefu, nami sikuthubutu kumharakisha. Kisha akaliinamisha taratibu.

"Haya, baba," alisema. "Nenda."

Akalia kilio ambacho siku ile hakukilia. Sasa amelala. Meneja yuko nyuma ya jiwe, namwona mkia.

Pumzika, Kaka. Mama ni wangu sasa, nitamtunza. Na Bakari akituma mawe mengine, nitayapokea pamoja naye, nimweleze moja moja ni nani wanaokaa humo.

Mdogo wako,
Tusekile