Wananikaribisha Nusu

Jumatatu, 3 Machi 1975
Madaftari ya kidato cha tatu bado. Aljebra mbovu. Hosteli ya wanawake inanuka kabichi tena, na msimamizi ameniuliza kwa mara nyingine nitahama lini. Nikipata pa kuhamia, nimemjibu. Zarina anakuja baada ya Pasaka. Maktaba ya mjini imempa kazi. Miaka minne tumeishi kwa treni, yeye Leeds, mimi kila nilikopata shule ya kufundisha. Safari hii tunataka mlango mmoja. Mlango tu, jamani. Si ikulu.

Jumatano, 5 Machi
Sutton Coldfield, mtaa wa Waingereza, baada ya kazi. Kwenye simu bibi mwenye nyumba alifurahi mno. Mwalimu wa hesabu na mkutubi! Wanawake wawili wapole, ndio wapangaji anaowaombea. Hatuleti wanaume? Hatuleti, nikamwambia. Kweli tupu. Leo amefungua mlango, ameniona, uso ukamshuka. Nyumba imechukuliwa asubuhi hii hii, pole sana. Tangazo bado liko dirishani. Nimerudi kwa mabasi mawili, nimelowa hadi soksi. Nimechukia.

Jumamosi, 8 Machi
Sparkhill, mtaa wa Wahindi, kwa shangazi yake Zarina. Aliposikia Kiswahili changu, macho yakamlenga machozi. Tangu ahame Kisumu hana wa kuzungumza naye. Chai ya iliki, kachori za moto. Ana vyumba viwili juu, vitupu. Nikadhani tumefika. Ndipo akasema Zarina aje hata kesho, ni binti wa nyumbani. Na mimi? Akanishika mkono. "Wewe ni rafiki mwema, mwanangu. Lakini watu wetu unawajua." Nawajua. Kachori zilikuwa tamu sana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Ushirika wa Wakenya, ukumbi wa kanisa, Aston. Huku kila mtu ana nyumba kwa ajili yangu. Mzee Mwakio, kiongozi wetu, Mtaita mwenzangu, ana chumba kizuri. Ana na mpwa, mhasibu, hajaoa. Vinakuja pamoja. Nikamtajia rafiki yangu. Mhindi? Akamtazama mkewe.
Basi: Sutton wangetupokea wote wawili lau si rangi zetu. Sparkhill wanampokea yeye bila mimi. Aston wananipokea mimi bila yeye, na mpwa juu yake. Mji mzima huu unanikaribisha nusu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia Zarina simu kutoka kibandani. Amelia, kisha amefoka. Shangazi amemwambia kaka yake Zarina kwamba hatuna pa kukaa. Sasa kaka amepata mwanamume Leicester, amefiwa na mke, ana duka. Aende Pasaka amwone tu. Hiyo "amwone tu" naijua. Nikamwambia akatae.
"Nikatae niende wapi, Wakesho? Hostelini kwako?"
Simu ikakatika kabla sijajibu. Nimeukasirikia mji, nimemkasirikia kaka yake, nimemkasirikia na yeye. Si haki. Nimekasirika hivyo hivyo.

Jumamosi, 15 Machi
Mama Kalondu. Muuguzi, mjane, Mkamba wa Machakos, husimama nyuma yangu kwenye kwaya ya ushirika. Aliniambia Jumapili ana vyumba juu nyumbani kwake, hapo Aston. Sikutaka kwenda. Nimechoka kunywa chai za watu. Nimekwenda.
Vyumba viwili, jiko dogo, unyevu ukutani. Akaanza kuonyesha: hiki chako, hiki cha rafiki yako. Sijui kilichonipata. Uchovu.
"Mama, hatuhitaji viwili. Tunalala pamoja, kama mtu na mwenzake. Kama hilo ni neno, liseme sasa niende zangu."
Akaketi kitandani. Nje mashabiki wa mpira wanapita wakiimba. Nikaanza kufunga vifungo vya koti.
"Mimi nimelelewa na mama wawili," akasema. "Mmoja, tuliyemwita mama mkubwa, alimwoa mama yangu mzazi kwa mbuzi na ng'ombe, wazee wakishuhudia."
Nami sikunyamaza. Nikasema ile ya mwanamke kumwoa mwanamke ni mila ya kupata watoto wa ukoo, yetu ni mengine. Mdomo wangu huu!
"Usinifundishe ya kwetu. Mama mkubwa alipokufa, mama yangu aligoma kula. Nilikuwepo, nilimlisha uji kwa kijiko. Chumba cha pili wekeni vitabu."
Nimemsimulia Zarina kwenye simu. Hakuamini. Nimerudia mara mbili.

Jumapili, 23 Machi
Mzee Mwakio alimuuliza Mama Kalondu kwa nini Mhindi apewe nyumba. Akajibiwa nyumba ina mwenyewe. Akauliza vitanda ni vingapi. Akajibiwa aulize vya kwake. Basi, wamejua. Leo ukumbini hakuna aliyekaa kando yangu. Nimeambiwa nipumzike kwaya. Mama Kalondu akafunga kitabu chake cha nyimbo, akatoka nami. Yeye ni miongoni mwa walioanzisha ushirika ule. Njiani nikamwambia tunaweza kuacha, tutafute kwingine.
"Kwingine wapi?" akasema, akaendelea kutembea kuelekea nyumbani kwake.

Jumamosi, 29 Machi
Zarina amefika, hakungoja Pasaka ipite. Hakwenda Leicester. Kaka yake amemwambia asipige simu tena. Amelisema hilo akiwa anavua koti, kama anayetaja hali ya hewa. Kitanda kilikwama kwenye ngazi. Tumegombana juu yake, yeye kwa Kigujarati, mimi kwa Kitaita, Mama Kalondu kwa Kikamba kutoka chini. Kikapita. Tumecheka mpaka nikakaa sakafuni.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua nyepesi. Hatukwenda popote. Mama Kalondu amerudi kutoka zamu, amelala. Zarina anatembea bila viatu asimwamshe. Jirani Mwingereza ameitikia salamu yangu. Hakutabasamu, lakini ameitikia. Kutoka ushirika hajaja mtu. Inaniuma. Nimejikuta naimba peke yangu nikiosha vyombo.
Zarina amepika maharagwe. Yameungua kidogo. Tumeyala.
Sasa ameketi dirishani, karatasi magotini. Anataka kumwandikia mama yake, ameniuliza anwani kamili ya hapa. Nimemtajia namba ya nyumba, na barabara. Anaandika polepole, kwa herufi kubwa.