Pindo la Koti Jeupe

Cheyo, Tabora
4 Machi 2024

Mwanangu Adinani,

Assalaam alaykum. Huku wazima, ila mimi na wasiwasi wangu. Baba yako anakusalimu, mguu umepungua uvimbe. Dada yako Najiat anakusalimu, na mwanawe anayeota meno anakulilia. Bibi Zuena anasema marahaba hata kabla hujamwamkia. Jogoo wako yupo, hatujamchinja.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Selemani wa lori barua hii. Ni yeye aliyenitia homa. Anasema huko mbele ya Goweko wanadai daktari mpya, yaani wewe, anawatoa watoto damu akaiuze. Mwanangu, kabla hujachoma kidole cha mtoto, mweleze mama yake unatafuta malaria.

Nakuletea asali, na koti lako jeupe nimelifua. Livae kila siku, usiniulize kwa nini.

Mama yako

Goweko
13 Machi 2024

Mama, shikamoo. Wasalimie wote, na jogoo.

Mama, umenishonea hirizi kwenye pindo la koti! Leo asubuhi nilikuwa na mtoto, Minza, malaria imempanda kichwani, degedege tupu. Nimemchoma sindano ya kwanza. Bibi yake, Kabula, akanishika koti kunisihi, mkono ukagusa kitu kigumu. Akalipasua pindo kwa meno. Ile ngozi nyeusi ilipodondoka akapiga yowe: "Kumbe ndiyo maana watoto wanakwisha!"

Nikasema, "Bibi, ni ya mama yangu."

"Mchawi gani hana mama?"

Yeye na ndugu zake wakambeba Minza wakaondoka. Zahanati sasa tupu. Bila sindano ya pili mtoto atakufa, kwa hiyo nawafuata kwao. Usiogope.

Mwanao

Cheyo, Tabora
25 Machi 2024

Mwanangu,

Wote wanakusalimu, leo siwezi kuwataja. Hata futari hainishuki.

Selemani amerudi na koti lako tu. Anasema alikuta zahanati imefungwa, bibi mmoja akamsimamisha njiani, akampa koti, akaondoka bila neno. Limefuliwa, pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikapapasa: kuna kitu kigumu. Najiat akasema, "Mama, usiguse!" Nimefumua. Shanga nyeupe mbili.

Nikamkimbilia jirani yetu mama Masolwa, Mnyamwezi. Anasema zamani kwa bibi yake walikuwa wakimpa shanga nyeupe mtu waliyemshukuru.

"Basi mtoto kapona?"

"Pengine. Walizitoa pia wakiomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Kanishika mkono.

Kesho napanda lori. Njia hiyo babu wa babu yako aliipita na pembe ya ndovu begani, mimi nitashindwa na gari? Nitamwambia Kabula usoni: hirizi niliishona mimi, mwanangu hakujua.

Barua hii inatangulia na mtu wa bodaboda. Kama u mzima usisubiri nifike. Mrudishe huyo huyo haraka, nikutane naye njiani na neno lako moja, hata liwe la kunigombeza.

Mama yako