Kona ya Mzee Ghorofa

Mwenzangu, weka kikombe chini kwanza. Ghorofa wetu kaumbuka leo mbele ya mkwewe.

Unajua anavyotamba kwamba aliishi ule mji mkubwa miaka saba, mpaka tukampa jina hilo la Ghorofa. Leo kaja mkwe mpya, mume wa binti yake mdogo, na kumbe kazaliwa huko huko.

Ghorofa hakurudi nyuma. "Mimi nikishuka stesheni nakata kona ya duka la kofia, huyo, niko mtoni."

Mkwe akaweka kijiko chini taratibu. "Baba, stesheni hadi mtoni ni saa mbili kwa basi."

"Enzi zetu ilikuwa kona moja."

Kona moja, mwenzangu. Basi mto ndio ulihama.

Mkwe, kwa adabu zote: "Ila kuna filamu moja ya zamani, baba. Mle jamaa anakata kona ya duka la kofia, anatokea mtoni."

Mke wa Ghorofa hata hakuinua macho kwenye sahani. "Miaka thelathini ananiambia alipotelea mji ule. Kumbe alipotelea hapo kwenye kochi."

Hata mimi niliyewahi kumnyoa simba ndevu, nilimwonea haya.

Mkwe akamhurumia. "Njoo mwezi ujao, baba. Nitakupokea stesheni tutembee wote."

"Usihangaike, mwanangu. Njia naijua."

Sasa hivi yuko sebuleni kwangu, kalamu mkononi, anairudisha filamu nyuma mara ya nne. Anatafuta kabla ya ile kona yule jamaa alipanda basi gani.