Nimegeuza Bodi za Kina Mama wa Rapsu

Jumatano. Upepo umejaza vumbi mtaa wote wa Bulla Pesa, na mimi nimefunga duka mapema nikisingizia huo upepo.

Uongo. Nimefunga kwa aibu.

Kina mama wa kijiji cha Rapsu, wengi wao wajane, wana pampu ya kumwagilia nyanya. Bodi ya umeme inayoizima maji yakipungua iliungua, wakanipa mimi kazi ya kuunda nyingine. Miaka yote bodi zangu nazitengeneza hapa dukani kwa pasi. Nachora kwa kompyuta, nachapa mchoro kwa karatasi, naulaza kifudifudi juu ya shaba, napiga pasi mpaka wino ushike. Kwa sababu karatasi inalala kifudifudi, lazima kwanza nigeuze mchoro, kulia kuwe kushoto, ndio utoke sawa. Mkono umezoea, hata sifikirii.

Safari hii nilitaka bodi safi, za kujivunia. Nikatuma faili kiwandani Nairobi. Na kwa mazoea nilikuwa nimezigeuza.

Kiwanda hakipigi pasi. Kinatengeneza kile umetuma.

Na walinipigia, jamani! Msichana mpole akaniuliza mbona maandishi yanasomeka kinyume, kama nina uhakika. Mimi huyu, fundi mkubwa wa Isiolo, nikamjibu, "Dada, wewe tengeneza tu. Hii kazi nimeianza kabla hujajua kushika waya." Wallahi nilisema hivyo. Hata nilicheka.

Leo asubuhi mzigo umefika. Bodi zinang'aa kama sahani za harusi. Nikaweka chipu ya kwanza, kila mguu ukaangukia upande usio wake. Nikaizungusha huku na huku. Wapi! Hapo ndipo nikakumbuka yule msichana.

Mama Talaso, mwenyekiti wa kikundi, akapiga simu saa hiyo hiyo kuuliza kazi imefika wapi. Nikamwambia kiwanda kimeharibu. Ilitoka laini tu, kama salamu. Akafoka kwamba nyanya zimeanza kutoa maua, kwamba wanalinda pampu kwa zamu, kuizima kwa mkono isiungue, na hao watu wa Nairobi wanacheza na jasho la wajane. Mimi nikaitikia, "Kweli mama, kweli."



Baada ya swala ya alasiri nimempigia tena, nikamwambia, "Mama, si kiwanda. Ni mimi." Nikangoja matusi. Akasema polepole, "Na mimi nimeshawaapiza hao watu mbele ya kikundi chote. Tumesema amina. Sasa laana hiyo nitairudisha vipi?"



Faili nimezituma upya, sawa safari hii, na yule msichana nimemwomba msamaha. Kesho naenda Rapsu kushika zamu ya pampu mpaka bodi nyingine zije. Na kabla sijakaribishwa chai, nitawaambia kina mama aliyeharibu bodi ni nani, kwamba si hao waliowaapiza.