Usingizi wa Saa Nne Asubuhi

Jumanne, 9 Julai 2024. Iyunga, Mbeya

Makala yangu imetoka! Na picha niliyoipiga mwenyewe Ruaha Mbuyuni siku basi letu lilipoharibika: watoto wa miaka minne, mitano, wamelala kwenye mikeka saa nne asubuhi, ndani ya kituo cha awali kinacholipiwa na serikali. "Kodi Yetu Inakoroma." Kichwa ni changu, mhariri hakugusa hata nukta. Nimeuliza: hawa ndio watoto wanaoitwa walio hatarini? Hatari gani, ya kuota ndoto? Simu haijapumzika tangu asubuhi.

Jumatano, 17 Julai

Wamesikia! Ofisa mmoja wa elimu kaenda kituoni, mikeka imefungiwa stoo. Sasa ni herufi na namba tu hadi saa sita. Mwalimu atakayekutwa kalaza mtoto ataondolewa. Ndivyo kalamu inavyofanya kazi.

Jumamosi, 20 Julai

Jaha, mdogo wangu, kaja na gunia la vitunguu. Ananunua kwa jumla Mbuyuni, anauza hapa Iyunga. Nikamwekea gazeti mezani. Akasoma polepole, akacheka — kicheko kibaya.

"Dada, hawa watoto nawajua. Wewe unapita pale mchana tu."

Usiku malori na mabasi yakisimama, anasema, mama zao wanakimbilia madirishani na vitunguu na nyanya. Hakuna wa kumwachia mtoto. Wanakaa nao pembeni ya lami mpaka alfajiri — taa, honi, moshi. Usingizi wao ni wa kituoni, asubuhi. Kituo kiliwekwa kwa ajili hiyo! Kabla ya makala yako usiku walikuwa macho, wanajua kukimbia. Sasa hawalali mchana, wanaanguka usiku pale pale barabarani.

"Alhamisi nimemvuta mmoja, Minza. Kasinzia, miguu iko lami. Lori linarudi nyuma."

Kwa nini hukuniambia, nikamfokea.

"Uliniuliza? Wewe unauliza vitabu."

Mimi ndiye niliyelikunja gazeti, nikalificha. Mimi!

Nilipigia picha dirishani. Mlango ulikuwa wazi, sikuingia. Sikumuuliza hata mtu mmoja. Nimekaa jioni nzima najitetea kwamba basi lilikuwa linaondoka. Uongo. Nilikaa pale nikala mahindi ya kuchoma, nikaagiza mengine. Nilishapata sentensi yangu ya kwanza. Sikutaka mtu aniharibie.

Jumapili, 21 Julai

Nimempelekea Abdulkarim, mhariri wangu, masahihisho. Abdulkarim kapiga simu: Bi Ruwaida, usijivunjie heshima, tulia, andika kitu kingine. Nikamtukana. Nilipokata simu nikajisikia nafuu kwamba amekataa.

Nafuu! Rafu tatu za vitabu juu ya wanyonge, na hiki ndicho kilichonibaki moyoni.

Jumanne, 23 Julai. Ruaha Mbuyuni

Joto. Sweta la Mbeya nimelifunga kiunoni. Wauza vitunguu walinitambua kwa picha yangu ya juu ya makala kabla sijavuka barabara.

"Njooni mumwone mama wa usingizi!"

"Muulizeni jana kalala wapi!"

"Kitandani, na neti ya mbu!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ningekuwa kwenye mjadala ningewajibu. Nilitazama viatu vyangu.

Mama yake Minza hakucheka. Msukuma, familia yao ilihamia kwanza Usangu na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, akaja hapa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kufunga vitunguu.

"Radhi yako inarudisha mkeka?"

Nikasema nitajaribu.

"Tulijisemea: na sisi serikali imetukumbuka. Ukaja wewe, mama." Kisha basi likasimama, akakimbia.

Kituoni, mwalimu Bertha hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Kanipa kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni. Wanaimba a-e-i-o-u, vichwa vinadondoka, na yeye anapita na kopo la maji anawapangusa uso mmoja mmoja. Akifika kwangu ananong'ona: tafadhali, leo usiandike kitu.

Naandika. Sijui kufanya kingine.

Minza kaja mwenyewe, nimemjua Bertha alipomwita. Hakuuliza mimi ni nani. Nimenyoosha miguu, kapanda mapajani, kajikunja, kalala papo hapo — mzito, wa moto, mate yake kwenye gauni langu. Ana vumbi la maganda ya vitunguu kwenye kope. Nimeibana kalamu, nimeliweka daftari juu ya dawati, nahema kidogo kidogo nisimwamshe. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi sitaki kusema chochote.

Gari limesimama nje. Bertha kachungulia dirishani, uso umemshuka. Ni yule ofisa.

"Mwamshe, mama. Nakuomba. Watasema nimemlaza mimi."

Nitawaambia nimemlaza mimi! Nitawaambia wafungue stoo, watoe mikeka, waandike jina langu wanapotaka. Maneno ninayo, makali, yamepangika yenyewe. Bertha anatikisa kichwa: wewe utasema, utapanda basi.

Mlango wa gari umefungwa. Nasikia ofisa anacheka barazani, wauza vitunguu wamemwambia nipo. Anasema afadhali mwandishi wetu kaja kujionea matunda ya kazi yake. Anapiga hodi.

Mkono wangu wa kushoto uko begani kwa Minza. Unamtikisa.