Mwenye Kitu Ashike Tochi

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Ninatumaini kuwa wewe, shemeji na wajukuu mnaamka salama. Goti lako linaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho hukulitaja, nami nakujua: ukilinyamazia jambo, ndipo linapokuuma. Mimi sijambo. Macho bado yanasoma, na nyumba ni safi kama wifi yako alivyoiacha.

Uliniuliza habari za karakana ya mtaa. Tuliianzisha ili vitu vinavyoharibika vitengenezwe badala ya kutupwa bondeni, ambako rundo la takataka lilikuwa limekaribia madirisha ya shule. Kila nyumba hutoa mchango mdogo, na mafundi hulipwa kutokana na mchango huo. Sharti lilikuwa moja tu: mwenye kitu huketi kwenye benchi mbele ya fundi, akashika tochi mpaka kazi iishe. Fundi mkuu, ambaye watu humwita Miwani, alisema kwamba mtu akishayaona matumbo ya pasi yake hataitupa tena ovyo.

Basi benchi lile likawa na maneno. Jirani yangu, dereva mstaafu, alikuwa akileta redio ile ile kila wiki na kusimulia safari zile zile. Mshonaji wa nyumba ya pembeni alimwambia kwamba redio hiyo si mbovu, imenyamaza tu kwa sababu haipewi nafasi ya kusema. Siku niliyopewa mimi tochi, dereva aliwaonya watu wachunge midomo yao, maana mwalimu anamulika kama askari anayemhoji mwizi. Nimestaafu miaka mingi, lakini bado wananiita mwalimu. Walicheka mpaka Miwani akadondosha bisibisi. Mimi sikucheka.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati, nikamweleza kwamba mahali pa kazi si mahali pa porojo. Nilishauri vitu vipokewe dirishani, vibandikwe majina, kisha virudishwe majumbani kwa baiskeli. Alikubali, na benchi likaondolewa. Kusema kweli, utaratibu ulifaulu. Foleni ikaisha, vitu vingi zaidi vikatengenezwa, na rundo la bondeni likapungua hata shule ikaanza kufungua madirisha. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu.

Shida nilikuja kuiona baadaye. Mwendesha baiskeli hubisha hodi, hunikabidhi mfuko, kisha huondoka kabla sijamkaribisha ndani, kwa kuwa ni mimi niliyeshauri asicheleweshwe. Asubuhi moja nilimsalimu muuza maziwa, na sauti ikatoka kama mlango uliokosa mafuta. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilizungumza na mtu, nisikumbuke. Dereva naye hatoki siku hizi. Tukionana madirishani tunapungiana mikono, kila mmoja upande wake.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi huu nimeipeleka feni yangu karakana mara mbili, na haikuwa mbovu. Niliukata waya wake mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilidhani Miwani angeniita nikamweleze ilivyoharibika. Mara ya kwanza ilinirudia ndani ya mfuko, imetengenezwa vizuri, na jina langu limeandikwa bila kosa. Nikaukata tena.

Jana jioni Miwani alikuja mwenyewe, feni mkononi. Aliniamkia kwa heshima, akanionyesha waya, akasema kwamba waya ulioungua huwa mweusi, na huu unang'aa. Nilingoja anicheke. Aliniomba tochi. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, lakini niliishika tochi hiyo mpaka akamaliza. Alichukua muda mrefu sana kwa waya mfupi namna ile.

Alipofika mlangoni alisema kwamba mshonaji na dereva wamekuwa wakimwuliza benchi lilipo, ila hakuna anayethubutu kulidai mbele ya mwalimu. Lipo nyuma ya karakana, limefunikwa turubai. Kamati inakutana kesho.

Nitasimama. Nitasema kwamba dirisha na baiskeli vibaki kwa wenye haraka, na benchi lirudishwe kwa sisi wengine. Wataniuliza sababu. Hapo ndipo ninapokwama, maana sababu ni neno moja ambalo sijawahi kulitamka, hata wiki ile tuliyomzika wifi yako, uliponiuliza hali nami nikakujibu kwamba sijambo. Nimeona niliandike kwako kwanza, mkono uutangulie ulimi: nina upweke, mdogo wangu.

Msalimie shemeji, na wajukuu uwaambie babu yao anawakumbuka. Nijibu kuhusu goti, na safari hii uniambie kweli.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa