Mchawi Amezidi Nguvu

Jumapili, 4 Oktoba

Tumecheza tena baada ya chakula cha mchana, ndani ya ghala la korosho la baba. Wachezaji walewale. Hadija, mwalimu wa shule ya msingi hapa Chilangala. Damiani, binamu yangu. Saidi, Myao wa Masasi, anayezunguka na mizani kumnunulia korosho mfanyabiashara binafsi. Mimi nasimamia. Chuo kimenisimamisha kwa sababu ya hotuba moja, na kitu pekee cha maana nilichorudi nacho nyumbani ni sanduku la dadu zenye nyuso nyingi na kitabu cha kanuni, zawadi ya mwenzangu aliyesoma ng'ambo. Kitabu nimekitafsiri mwenyewe. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni na tabaka lake: Damiani mwindaji, Saidi askari wa panga, Hadija mchawi. Ninaeleza hatari, wao wanasema watakalofanya, dadu zinaamua.

Leo ugomvi. Kwenye hadithi ya mchezo, lango la mji lina walinzi. Saidi amekaa mkao wa vita, dadu mkononi. Kabla hajarusha, Hadija akatamka maneno yake, akatengeneza simba kwa majivu, walinzi wote wakatimka. Saidi akazitupa dadu chini. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini? Kumbebea mchawi begi? Mchawi amezidi nguvu huyu! Tumuue, tuanze upya!" Alipiga kelele kama yuko mnadani. Hadija akamjibu kwamba Wayao wana wivu, na kama hana kazi, akamchungie simba wake.

Lakini Saidi ana haki. Mwanzoni mchawi ni dhaifu, askari ndiye anayemkinga. Mchawi akikomaa, askari anageuka msindikizaji. Tabaka moja linamiliki nyenzo zote za miujiza; mengine yanamiliki jasho tu. Je, nilifukuzwa darasani kwa kupinga dhuluma ili nije kuisimamia ghalani?

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeshinda na kanuni. Nimejaribu kumtoza mchawi afya yake kwa kila neno analotamka. Hadija hatakuwa na sababu ya kucheza. Nimejaribu kumpa askari panga linalowaka moto. Huo ni uchawi uliobadilishwa jina. Kumpunguza mkubwa au kumkweza mdogo: zote mbili zinaharibu mchezo. Nahitaji mtu ambaye uchawi haumgusi, na ambaye mwenyewe hana uchawi. Sijui ni nani. Wanataaluma wa siasa nao hawajui.

Asubuhi bombani nilimwamkia Mama Somoe, jirani yetu. Shikamoo yangu ilianguka chini. Hakuiokota. Alitazama ndoo yake mpaka ikajaa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Simba amechukua mbuzi wa Mama Somoe. Nyayo ziko kwenye mihogo, kubwa kama sahani. Nimeziona. Nimeogopa kama mtoto.

Hofu hiyo ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuja mchana. Hapa kwetu simba ni wa aina mbili: wa porini na wa kutengenezwa. Wa kutengenezwa ana mwenyewe. Na Mama Somoe anasema mwenyewe anamjua, kwa sababu Jumapili alipita nyuma ya ghala letu na maji kichwani, akasikia kwa masikio yake: mchawi ametengeneza simba, mchawi amezidi nguvu, mchawi auawe. Alisikia na sauti ya kike ikijigamba kwamba simba ni wake.

Hakusikia uongo hata neno moja.

Ni neno langu. Kitabu kilitaja mtu mwenye elimu ya maneno yenye nguvu. Ningeweza kumwita mjuzi. Ningeweza kumwita bingwa wa maneno. Nilimwita mchawi kwa sababu ni neno fupi na lilinifurahisha. Nikamvika Hadija kwa mkono wangu, mwanamke anayekaa peke yake kwenye nyumba ya shule, asiye na mume wala ndugu hapa kijijini.

Ijumaa, 9 Oktoba

Darasa la Hadija lilikuwa na watoto wachache. Kufikia saa nne hapakuwa na hata mmoja. Kina mama walikuja kuwachukua, hawakugombana na mtu, waliwashika mikono tu na kuondoka. Ndoo yake imetolewa kwenye foleni ya maji na kuwekwa kando, imefunikwa mdomo chini.

Nilimwambia arudi kwao Newala mjini. Alinitazama vibaya. "Nikikimbia nimekiri. Wewe mwenye maneno mengi, yatafute yatakayonitoa."

Nitayatafuta. Kesho kutwa kuna mkutano wa kijiji. Nimewahi kusimamisha ukumbi mzima kwa sauti hii.

Jumapili, 11 Oktoba

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Nilisimama. Nilianza vizuri. Nikasema ndugu wananchi, zama zinageuka, vyama vingi vinakuja, soko liko huru, je, fikra zetu pekee ndizo zibaki zimefungwa minyororo? Wengine waliguna kukubali. Nikalewa. Nikataka kueleza kila kitu kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa: kwanza kubali hoja ya mpinzani, kisha ipindue. Nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja: "Ni kweli, Hadija ni mchawi..." Nilipumzika hapo. Pumziko la mzungumzaji. Sentensi ilikuwa na nusu ya pili.

Haikusikika. Uwanja ulivuma. Mtu akapaza sauti, "Msomi amekiri!" Mwenyekiti wa kijiji akapiga meza, akasema shahidi ametoka upande wa mtuhumiwa mwenyewe, sasa ushahidi gani tena unatakiwa. Mama Somoe alikuwa analia. Halii kwa chuki, ndilo linalonitisha. Anaogopa kama mimi.

Wameamua. Ataitwa mganga wa kunyoa, anayewatoa watu uchawi kwa wembe, kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, aje Jumamosi. Hadija atanyolewa hadharani na kunyweshwa dawa. Akitapika, wanasema uchawi unamtoka; asipotapika, wanasema ameuficha. Nimeuliza, akifa? Mwenyekiti akafunga mkutano.

Nimemuua kwa pumziko.

Jumatano, 14 Oktoba

Nilienda Newala mjini kwa baiskeli. Ofisini waliniambia jambo hilo ni la kijiji. Kijiji kinasema ni la mila. Nilianza kuhutubia, karani akaniomba nipishe foleni.

Damiani amekwenda Chiungutwa, Saidi anakopima korosho wiki hii, kumtafuta, kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele za kuua na anaweza kutoa ushahidi. Sina imani na ushahidi tena.

Hadija hali chakula. Anasahihisha madaftari ya watoto ambao hawaji. Nikikohoa anashtuka. Naye akishtuka, nashtuka.

Jumamosi, 17 Oktoba

Niandike kabla sijaanza kutilia shaka nilichokiona.

Mganga alifika asubuhi. Mtu mpole, safi, mwenye wembe na chungu cha dawa. Mkeka ulitandikwa uwanjani, kigoda katikati. Hadija alitoka mwenyewe, amejitanda khanga, ananyoosha shingo. Nilikuwa na hotuba mfukoni. Sikusimama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akiwa bado hatua chache kutoka kwenye kigoda, baiskeli ilipenya katikati ya watu, kengele ikilia. Saidi, vumbi mpaka kope. Hakumwamkia yeyote. Aliitupa baiskeli, akakikalia kigoda yeye, akavua kofia na kuinamisha kichwa mbele ya mganga.

"Anza na mimi, babu. Nina chawa."

Mtu akacheka kidogo, akajizuia. Mwenyekiti akamwambia aondoke. Saidi akasema haondoki, yeye ni Myao, hawa ni Wamakonde, hawa ni watani zake tangu mababu, na mtani akiwa na shughuli, mtani mwenzake ndiye mwenye mkeka. Tena anadai kitoweo. Kisha akamgeukia Hadija na kumtukana mbele ya kijiji kizima.

"Mchawi huyu? Huyu? Jogoo wa shule anamkimbiza mpaka chooni! Mchawi gani anasonga ugali ukabaki mabonge? Na simba mwenyewe, Wamakonde mmechonga vibaya, mmesahau kumchonga akili! Simba wa mchawi anaacha kumchukua mwenyekiti mnene anachukua mbuzi wa Mama Somoe, mbuzi mwenye kikohozi!"

Mama Somoe alifunika uso kwa khanga. Mabega yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu analia, halafu vyote. "Hakuwa na kikohozi, we Myao mshenzi," alisema. Uwanja ukapasuka.

Hakuna aliyeweza kumkasirikia. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko lolote alilosema. Mwenyekiti alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. Saidi akalala chali juu ya mkeka, akasema amekufa, anadai sanda. Mganga alimtazama pale chini. Kisha akaufuta wembe, akaurudisha kwenye ala. Akasema, bila hasira, kwamba dawa iliyochekwa haifanyi kazi, na akaagana na watu vizuri.

Hadija alibaki amesimama. Hakucheka. Alikuwa ameshika nywele zake kwa mikono miwili.

Nimeogopa zaidi baada ya kumalizika. Kama tairi lingetoboka Chiungutwa? Kama Saidi angezaliwa Mmakonde? Maisha ya mtu yamening'inia kwenye kengele ya baiskeli, na mimi na elimu yangu tumekaa chini tukitazama.

Jumapili, 25 Oktoba

Simba hajasikika tena. Huenda ameteremkia bonde la Ruvuma. Ndoo ya Hadija imerudi kwenye foleni. Watoto wengi wamerudi, si wote.

Nimeongeza tabaka moja kwenye kanuni. Mtani. Hana panga, hana maneno ya siri. Uchawi haumpati, kwa kuwa hakuna awezaye kumkasirikia. Kila mchawi ana mtani wake mmoja mahali fulani. Kazi ya wengine ni kumfikisha kwa wakati. Nimejaribu na dadu mara nyingi, inakaa sawa.

Neno lile nimelifuta kila ukurasa.

Leo tumecheza uani, mchana, milango yote wazi. Mama Somoe alipita na maji, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Hadija alikuja, amechelewa. Kichwa amekifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Aliomba kuwa mwindaji. Damiani akampa wake, akachukua mwingine. Nafasi ile aliyoiacha Hadija haikuchukuliwa na mtu. Saidi aliitazama, kisha akamsogezea Hadija dadu.

Hadija alirusha dadu. Ilipata namba ya juu kabisa. Alitazama nyuma kwanza, njiani, ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba mshale wake umepata.